Mwendo wa Mama wa Kambo

Hatua ya mguu wake wa kulia ilichukua picha kumi na moja. Ya mguu wa kushoto, picha sita. Nazikumbuka hesabu hizo kuliko ninavyoikumbuka sura yake, na jambo hilo peke yake lingetosha kunishtaki. Wiki chache zilizopita, katika masomo haya ya juu ambayo nimeyafikia kwa njia nitakayoieleza, profesa wangu aliniomba niandike jinsi tulivyotengeneza filamu ya vikaragosi vya karatasi kule Uvira, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji. Niliandika kurasa arobaini juu ya mwanga, gundi na waya wa shaba. Nilipozisoma upya niliona kwamba hamna mstari hata mmoja unaomtaja yeye. Hapa naandika yale niliyoyaacha.

Nilikuwa moniteri katika shule ya misheni, nikifundisha kuchora na hesabu. Padri mmoja wa pale alikuwa na kamera ndogo iliyoweza kupiga picha moja moja kwa kugeuza mpini. Alikuwa amechoshwa, alisema, na filamu za kuwafundisha watu kuchemsha maji na kuchimba vyoo. Alitaka hadithi ya kale ya nchi hii, yenye huzuni, ambayo kila mtu ameisikia akiwa mdogo. Nikamwambia kwamba Mulongwe, karibu na kwetu, yuko mwanamke ambaye akiisimulia hadithi ya namna hiyo, hata wanaume waliokuja kuomba moto husahau kuondoka.

Mwanamke huyo alikuwa mjane wa fundi mwashi. Alikuwa akilea msichana wa miaka kumi na moja hivi, ambaye hakumzaa: mama yake msichana alikufa mtoto akiwa bado anabebwa mgongoni. Mwashi alipokuwa kitandani akikaribia kufa alitamka, mbele ya majirani wawili, kwamba mtoto abaki na huyu aliyemlea. Ndugu zake wa Luvungi walikubali mbele ya maiti, kisha wakaanza kungoja. Kwa desturi yetu mtoto ni wa ukoo wa baba, na msichana aliyekaribia kuvunja ungo ni ng'ombe wa mahari walio njiani. Lakini neno la marehemu lilikuwa zito. Ili kulivunja lilihitajika kosa la mlezi, kosa linaloweza kutajwa hadharani, na kwa miaka miwili hawakulipata. Mtoto alinenepa, alisoma, alicheka sana.

Tulimrekodi kwenye baraza ya misheni, jioni moja mara baada ya chakula, kwa mashine ya utepe iliyotumia umeme wa jenereta. Msichana aliketi chini, ameegemea goti lake.

“Mwalimu, hii kitu itakula sauti yangu?” mwanamke aliuliza.

“Itaihifadhi, mama.”

“Kula na kuhifadhi ni ndugu. Hata chui anahifadhi mbuzi ndani ya tumbo.”

“Mama, kohoa!” msichana akasema. “Ukikohoa, nayo itakohoa!”

Akakohoa. Tulipomrudishia kikohozi chake, msichana alicheka mpaka akalala kwenye sakafu, na Padri akalazimika kusimamisha kazi.

Hadithi yenyewe kila mtu wa bonde la Ruzizi anaijua kwa namna yake. Mama wa kambo anamtuma mtoto wa mwenzake aliyekufa akalinde mtama dhidi ya ndege. Ndege wanakula. Mama wa kambo anamzika mtoto akiwa hai, pembeni mwa shamba, na kumwambia baba kwamba mtoto amekwenda kwa mjomba. Nywele zinaota kama majani. Baba anakwenda kukata majani ya kuezeka, na majani yanaimba. Kwa sauti ya mwanamke yule yaliimba hivi: “Baba, kata polepole; penye mizizi pana kichwa changu.” Baba anachimba. Kuna nchi ambako anamkuta mtoto akiwa hai. Katika hadithi yake anakuta mifupa.

Alipomaliza hakunyamaza. Alipiga viganja na kusema upesi, “Nisiishe minye, aishe ule mama wa kambo na shamba lake!” Msichana akaitikia kwa nguvu, “Aishe!” Maana yake ni: nisimalizike mimi, amalizike yule muuaji. Wasioijua desturi hii hudhani ni mchezo wa maneno. Msimulizi ameazima sauti ya muuaji kwa nusu saa nzima. Kwa maneno hayo anairudisha kwa mwenyewe na kujitenga naye mbele ya mashahidi. Nilimuuliza kama haoni vigumu, yeye akiwa mama wa kambo, kusimulia habari za mama wa kambo mbaya hivyo.

“Nisimulie za nani sasa, za padiri?” akajibu. “Mutoto anazipenda. Anajua ule si minye.”

Kisha tukaanza kazi. Nilikata watu kutoka katika karatasi nyeusi, nikaunganisha viungo kwa waya, nikawalaza juu ya meza ya kioo ambayo jua liliifikia kutoka chini kwa msaada wa kioo cha kujitazamia. Unasogeza mkono kidogo, unageuza mpini mara moja. Unasogeza tena, unageuza tena. Picha kumi na sita huwa sekunde moja. Kwa kuwa wote walikuwa vivuli vyeusi visivyo na nyuso, Padri alipoyaona majaribio ya kwanza aliguna.

“Wote wanatembea kama askari. Nitamjuaje mama wa kambo akiwa mbali?”

Nilifikiri swali hilo kwa siku tatu, ndivyo nilivyo. Baba alionekana mara mbili tu, kwa hiyo kumpa mwendo wa pekee ingekuwa kazi ya bure. Msichana wa hadithi alipaswa kuwa mwepesi, asiye na alama, ili kila mzazi amwone wake. Aliyebaki ni mama wa kambo, ambaye ndiye aliyetembea zaidi. Nilihitaji mwendo ambao jicho lingeutambua kwa hatua mbili. Na kila asubuhi, kupitia dirisha la chumba cha kazi, niliuona mwendo wa namna hiyo ukishuka kwenda ziwani na ndoo: mguu wa kulia unatangulia kwa utulivu, wa kushoto unaufuata upesi, kwa sababu nyonga ya kushoto ilikuwa na kasoro tangu utoto wake. Watu wa Mulongwe walikuwa wamemzoea kiasi kwamba hakuna aliyeutaja mwendo huo. Nilijiambia kwamba sura ina mwenyewe na jina lina mwenyewe, bali mwendo hauna mwenyewe. Niliona ni hoja nzuri. Niliiandika hata katika daftari langu.

Nikaazima ile mashine ya kupigia mapigo ambayo mwalimu wa muziki aliitumia kando ya harimoniamu, nikaiweka dirishani, nikahesabu. Siku ya nne alisimama barabarani.

“Mwalimu, unanihesabia nini? Niko mbuzi ya soko?”

“Nahesabu muda, mama. Sikuhesabu wewe.”

“Basi hesabu muzuri,” akasema, akicheka. “Wangu iko mufupi upande moja.”

Alidhani ni somo la shule. Nami sikumsahihisha, mimi ninayesahihisha kila kitu.

Kwa sauti ya hatua niligonga sanduku tupu kwa mchi: puu, kwa mguu mrefu, pa, kwa mguu mfupi. Padri alifurahi kupita kiasi. Kikaragosi kilipita mbele ya jua la karatasi, puu-pa, puu-pa, kikielekea shambani na jembe, na hata mimi niliyekikata nilisikia baridi mgongoni.

Mwishoni ikatokea kwamba picha zimekwisha na sauti bado inaendelea. Baba alikuwa amepiga magoti juu ya mifupa, pazia jeusi limefunga, na utepe ulikuwa na viganja vile, na “Nisiishe minye,” na kicheko cha mtoto.

“Kata hapo,” Padri akasema. “Watu waende nyumbani na machozi, si na kicheko.”

Nilijua maneno yale ni ya nini. Nilijua kuliko yeye. Lakini nilikuwa pia nimeona, kwa jicho la fundi, kwamba alisema kweli: filamu ilikuwa bora bila maneno yale. Nikachukua mkasi. Kipande cha utepe kilikuwa kirefu kama mkono wangu mara chache. Nikakitupa katika ndoo ya taka pamoja na vipande vya karatasi.

Tuliionyesha mara ya kwanza katika uwanja wa misheni, juu ya shuka nyeupe, giza lilipoanza kuingia. Yeye alikaa mbele pamoja na msichana, amevaa kitambaa kipya. Sauti yake ilipoanza watu walipiga makofi, wakageuka kumtazama, naye akainamisha kichwa kwa haya. Kisha mama wa kambo akaingia upande wa kushoto wa shuka. Puu. Pa.

Hakukuwa na kelele. Kwanza alicheka mtu mmoja nyuma, kicheko kifupi, kama mtu aliyetekenywa. Kisha mwanamke fulani akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Kumbe! Si ni yeye ule!” Na hapo uwanja mzima ukaangua kicheko. Watu wale hawakuwa wajinga; walijua karatasi ni karatasi. Ndiyo sababu walicheka vile. Kila mara kikaragosi hicho kilipotokea waligonga chini kwa visigino, puu-pa, wakakisindikiza mpaka kwenye kaburi la mtoto. Nilitazama shuka tu. Nilikuwa nikihakikisha kwamba sauti inalingana na hatua, na ililingana.

Filamu iliposimama, viganja havikulia wala “Nisiishe minye” haikusikika. Mwanamke aliinuka mwenyewe kujaribu kuyasema maneno hayo. Nilimwona akifungua kinywa. Lakini watu walikuwa wameanza kuondoka, na mtu anayeinuka hana budi kutembea, na alipotembea watoto walikuwa nyuma yake tayari, wakimpigia hatua zake kwa midomo.

“Mwalimu,” aliniambia kesho yake, mlangoni mwa chumba cha kazi, “minye nilikupa hadithi. Miguu nilikupa lini?”

Nilimweleza. Nilianza na hoja yangu kwamba mwendo hauna mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akaondoka.

Gari la sinema liliichukua filamu hadi Bwegera, ambako nasikia wanawake waliotwanga mpunga waliigeuza puu-pa kuwa mdundo wa mchi, kisha Luvungi. Huko Luvungi, miongoni mwa waliokaa mbele ya shuka, alikuwapo kaka mkubwa wa marehemu mwashi. Kosa walilolingojea miaka miwili lilimjia limetengenezwa tayari, lina sauti, lina muhuri wa misheni.

Baraza la sheferi, mahakama ya chifu, liliketi mwezi uleule. Padri hakuja, alituma karatasi kueleza kwamba filamu ni mfano tu, wa kuwaonya mama wa kambo wabaya. Karatasi ilisomwa kwa sauti, na sehemu ya mwisho ikarudiwa. Kisha kaka mkubwa akasimama mbele ya hakimu. Alikuwa mtu mpole wa kusema.

“Juji, sisi hatuko wajinga. Tunajua ile ni karatasi. Shemeki hakumuzika mutoto. Mutoto ule pale, tunamuona. Lakini nani alisimulia? Ni yeye. Mwendo ni ya nani? Ni yake. Na mwisho alijitenga na ule mubaya? Tulisikiliza mpaka mashine ikazima. Hakujitenga. Muntu anayejua kuua mutoto muzuri hivyo kwa mudomo, na hamalizi, minye naogopa kumuachia mutoto wa ndugu yangu.”

“Nilimaliza!” mwanamke akasema. “Mutoto aliitika! Mwalimu alikuwa pale!”

Juji akaniita. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku mbili. Nilikuwa na majibu matatu yaliyoandikwa. La kwanza lilikuwa uongo: kwamba mwendo niliubuni mwenyewe. La pili lilikuwa ukweli wote kwa mpangilio, kuanzia swali la Padri, kupitia hesabu za dirishani, mpaka utepe nilioukata. La tatu lilikuwa ufupisho wa la pili. Nilichagua la pili kwa sababu lilikuwa kamili.

“Mwendo ulikuwa ya nani?” juji akauliza. “Jibu kwa neno moja.”

“Inategemea, juji, tunamaanisha nini tukisema mwendo ni wa mtu. Kwa upande wa vipimo—”

“Ya nani?”

“Wake,” nikasema.

Baraza likacheka. Mtu mmoja akagonga ubao wa benchi, puu-pa, na askari wa sheferi akacheka pia. Nilipopaza sauti kusema juu ya utepe, juji alikuwa amekwisha kuinamia daftari lake. “Tumesikia, mwalimu. Asante. Kaa.” Nikakaa. Ningeweza kutokukaa. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi kwa mpangilio tofauti, na kila mara ninafika kwenye neno hilohilo: aliniambia kaa, nikakaa.

Msichana alichukuliwa siku ileile, akiwa na kifurushi ambacho jirani alimfungia. Alimshika mlezi wake kiunoni, na baba mkubwa akamtoa vidole kimoja kimoja, bila hasira, akimwambia, “Twende, binti yetu, gari haingoji.” Mwanamke alikatazwa kukanyaga Luvungi. Kwangu mimi, mwaka haujaisha, ikaja barua: Padri alikuwa amewapelekea wakubwa wake ile filamu, wakaisifu, na kijana aliyeihesabu vizuri hivyo akaonekana anastahili kusomeshwa. Ndiyo njia niliyosema nitaieleza.

Kabla sijaondoka yule mwanamke alikuja tena mlangoni. Alikuwa amekonda. Siku hizo alichota maji alfajiri, kabla watoto hawajaamka.

“Mwalimu, weye ulichukua mwendo yangu. Sasa unipe ingine.”

Sikuelewa.

“Siku ya soko Luvungi, mutoto anakuja na muke ya baba yake mukubwa. Sura nitaifunika, kama muntu anaumwa jino. Lakini nikitembea tu, soko yote itajua. Weye unajua kutembeza watu. Nitembeze.”

Kwa siku tisa tulifanya kazi katika chumba kile. Nilisogeza meza ya kioo ukutani ili kupata nafasi. Nilimkatia kandambili kutoka katika tairi la gari, ya kushoto ikiwa nene zaidi kwa upana wa vidole viwili. Niliiwasha mashine ya mapigo na kumtaka aweke muda wa picha nane kwa kila mguu. Nyonga ilimuuma, jasho lilimtoka juu ya mdomo. Alianguka mara mbili, na mara zote mbili alinyoosha mkono nisimguse.

“Bado kumi, saba,” nilimwambia siku ya tano.

“Uko mukali kama baba mukwe,” akasema, akatembea tena.

Siku ya tisa zilikuwa nane kwa nane. Sikuwahi kupata kazi safi kuliko ile.

Siku ya soko tulipanda lori la mihogo hadi Luvungi. Nilibaki nyuma ya lori, kwa kuwa mimi pia ningetambuliwa, na kutoka hapo niliona vizuri. Msichana alitokea upande wa mabanda ya chumvi, amejitwika kikapu, amerefuka. Mke wa baba yake mkubwa alikuwa hatua tatu nyuma, akigombana na mtu juu ya bei. Mwanamke akatoka kwenye umati, kitambaa kimefunga taya na paji la uso, akatembea kumwelekea. Nane, nane, nane. Hakuna muuza chumvi aliyeinua macho. Hakuna mtoto aliyegonga kisigino. Njia ilikuwa nyembamba. Walipokaribiana, msichana alitazama chini, kwenye miguu iliyokuwa ikimjia, kama mtu anavyotazama apate kujua apishe upande gani. Akapisha. Aliinamisha kichwa kidogo chini ya kikapu, kama tunavyowainamia wakubwa tusiowajua, akapita.

Mwanamke hakuweza kuita. Mke wa baba mkubwa alikuwa amefika. Angeweza kuvua kandambili. Niliona vidole vya mguu wa kushoto vikijikunja juu ya raba. Kisha akaendelea mbele, nane, nane, mpaka mwisho wa soko, akazunguka nyuma ya mabanda, akarudi kwenye lori.

Tulisafiri hadi karibu na Uvira. Magunia yalikuwa yakitusukuma. Kandambili alikuwa bado amezivaa.

“Nilitembea muzuri?” akauliza.

Nikamjibu kwamba ndiyo, alitembea vizuri, kwa sababu ilikuwa kweli.